Masomo ya juu ya uchumi wa kilimo: ngazi, vyuo na namna ya kuchagua

Kila mwaka, katika vijiji vyetu vya Kivu, jambo lile lile hurudi. Mama anavuna maharagi, na wiki ile ile anayauza karibu yote, kwa sababu pesa ya shule inadaiwa na deni la mbegu linamngoja. Wakati huo jirani zake wote wanauza pia, kwa hiyo kopo la Guigoz linakwenda kwa bei ya chini. Miezi michache ikipita, akiba ya nyumbani inaisha, na mama yule yule anaenda sokoni kununua maharagi kwa bei ya juu kuliko ile aliyouzia. Agronomu alimfundisha kupanda kwa mistari na kuchagua mbegu nzuri, na mavuno yameongezeka. Lakini umaskini haujatoka nyumbani.

Swali la mama huyu si la udongo wala la mbegu. Ni swali la bei, ghala, mkopo, barabara na wakati. Elimu inayochunguza maswali ya namna hiyo inaitwa uchumi wa kilimo, na hufundishwa hasa katika ngazi ya juu ya chuo kikuu. Vijana wengi waliomaliza agronomi, uchumi au maendeleo ya vijijini wanatafuta njia ya kuendelea, lakini majina ya masomo ni mengi na hayafanani. Tena si kijana peke yake anayelipa. Familia huuza ng'ombe au sehemu ya shamba, na mara nyingine parokia nzima huchanga. Ni uchungu mkubwa kugundua baada ya miaka miwili kwamba masomo yaliyolipiwa hivyo hayakuwa yale yaliyohitajika.

Makala hii inaeleza masomo hayo ni nini, yana ngazi gani, yanapatikana wapi, na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Uchumi wa kilimo ni nini?

Watu wengi hufikiri kwamba mtaalamu wa uchumi wa kilimo ni agronomu anayejua hesabu kidogo, au mhasibu anayefanya kazi kijijini. Sivyo. Agronomu anauliza: mmea huu utazaaje zaidi? Mhasibu anauliza: pesa zilizoingia na zilizotoka ni ngapi? Mchumi wa kilimo anauliza: kwa nini mkulima anachagua hivi na si vile, na nini kikibadilika yeye atabadilika?

Mwaka 1964 Theodore Schultz, Mmarekani aliyekulia shambani, alitoa kitabu kilichogeuza mawazo ya wengi. Alisema kwamba wakulima maskini si wajinga wala wavivu. Kwa vifaa walivyo navyo na hatari wanazozijua, wanatumia vizuri kile kidogo walicho nacho. Umaskini wao unatoka katika vifaa duni, elimu haba na masoko mabaya, si katika akili zao. Mwaka 1979 Schultz alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Arthur Lewis wa Saint Lucia. Tangu wakati huo, mwanafunzi mzuri wa elimu hii hufundishwa kuanza kwa heshima: kabla ya kusema mkulima anakosea, tafuta kwanza sababu yake.

Katika vyuo vingi leo utaona jina refu zaidi, uchumi wa kilimo na uchumi tumizi. Uchumi tumizi ni uchumi unaotoka katika vitabu na kupimwa kwa takwimu za maisha ya watu: bei za soko, ada za shule, maji, misitu, afya, kazi. Majina hayo mawili yalikaribiana kwa sababu njia za kufanya kazi ni zile zile. Hata chama kikubwa cha wataalamu hawa kule Marekani kilibadili jina lake mwaka 2008 ili neno hilo "tumizi" liingie ndani. Kwa hiyo usishangae ukiona chuo kimoja kinasema "uchumi wa kilimo", kingine "uchumi tumizi", na masomo ya ndani yanafanana.

Mifano miwili itaonyesha kazi yenyewe.

Wa kwanza unahusu jambo lile la mama wa maharagi. Magharibi mwa Kenya, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel waliwafuata wakulima wa mahindi ambao nao huuza wakati wa bei ya chini na kununua wakati wa bei ya juu. Baadhi yao walipewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, ili waweze kulipa madeni yao bila kuuza mahindi mara moja. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliopata mkopo waliweka mahindi ghalani, wakauza baadaye, na mapato yao yakaongezeka. Lakini watafiti waliona jambo la pili. Mahali ambapo wakulima wengi walipata mkopo, bei za soko lenyewe zilitulia: hazikushuka sana wakati wa mavuno wala kupanda sana baadaye. Pale faida ya kila mwenye mkopo ilipungua, lakini jirani ambaye hakukopa alinufaika pia kwa sababu ya bei hizo. Mradi unaopima wenye mkopo peke yao hauwezi kuona jambo hilo.

Mfano wa pili unatoka Burkina Faso. Mwaka 1996 Christopher Udry alionyesha kwamba ndani ya nyumba moja, kwa zao moja na mwaka mmoja, mashamba ya wake yalizaa kidogo kuliko ya waume. Sababu haikuwa uvivu wa wanawake. Mbolea ya samadi na nguvu za kazi zilipelekwa zaidi kwenye mashamba ya waume. Kwa hesabu yake, nyumba ilipoteza kama asilimia 6 ya mavuno kwa sababu tu ya mgawanyo huo. Mtu anayefanya semina za ndoa na maendeleo katika makanisa yetu ataelewa mara moja uzito wa habari hiyo.

Matawi manne

Ukisoma orodha za vyuo utakuta matawi mengi, lakini makubwa ni manne.

*Siasa ya kilimo na biashara ya kimataifa.* Hapa mtu anajifunza kodi, mipaka, bei na sheria. Chukua mfano wa Haut-Katanga, ambako unga wa mahindi hutegemea sana Zambia. Zambia ikifunga mpaka au ikizuia mahindi kutoka, bei ya mfuko Lubumbashi hupanda. Nani anapata hasara, nani anapata faida, na serikali ya jimbo ifanye nini? Hayo ni maswali ya tawi hili.

*Biashara ya kilimo.* Hili ni tawi la uongozi wa makampuni na vyama vya ushirika: mnyororo wa kahawa ya Kivu au kakao ya Beni tangu shambani hadi kwa mnunuzi, ubora, mikataba, masoko, fedha. Linamfaa anayetaka kuongoza au kuanzisha kazi, zaidi ya anayetaka kufanya utafiti.

*Uchumi wa mazingira na mali asili.* Msitu, makala, uvuvi wa maziwa, mbuga, maji. Pale watu wanapoambiwa wasikate miti, mtaalamu huyu anauliza watapikia nini, na nani atawalipa kwa kuacha.

*Maendeleo ya vijijini.* Umaskini, ardhi, jinsia, mikopo midogo, chakula cha nyumbani. Tawi hili lina watu wengi katika mashirika ya misaada. Katika vyuo vingine lina hesabu kidogo na mafunzo mengi ya elimu ya jamii. Katika vingine ni uchumi mgumu kabisa. Jina peke yake halitoshi. Angalia orodha ya masomo ya kila muhula.

Ngazi za masomo, na mtego wa neno "lisansi"

Katika mpangilio wa LMD, ambao vyuo vya Kongo vimekuwa vikiingia kwa nguvu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, kuna ngazi tatu: lisansi ya miaka 3 (kredi 180), masta ya miaka 2 (kredi 120), na dokta ya miaka 3 au zaidi.

Katika mpangilio wa zamani mtu alifanya graduati miaka 3, kisha lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Mwenye kutaka kupanda zaidi alifanya DES au DEA, kisha dokta.

Mtego ni huu. Neno "lisansi" ni moja, lakini lisansi ya zamani ni miaka 5 na ya sasa ni miaka 3. Ofisi ya chuo cha nje ikiona neno hilo tu kwenye diploma, inaweza kudhani umesoma miaka 3. Kwa hiyo, wewe uliyemaliza kwa mpangilio wa zamani, tuma diploma zote mbili, ya graduati na ya lisansi, pamoja na karatasi za alama za miaka yote mitano. Omba sekretarieti ya chuo chako ikuandikie barua fupi inayoeleza mpangilio huo.

Barua hiyo ieleze pia alama. Kwetu, katika mpangilio wa zamani, asilimia 50 ni kupita, na asilimia 70 ni "distinction", ambayo ni wachache wanaoipata. Mtu wa nje akisoma asilimia 66 anaweza kufikiri mwanafunzi ni dhaifu, kumbe katika darasa lake alikuwa wa pili. Kama chuo kinaweza kuandika nafasi yako darasani, omba kiandike. Karatasi hiyo moja imewahi kuwa tofauti kati ya kukubaliwa na kukataliwa.

Masta ya utafiti au masta ya kazi?

Masta zimegawanyika katika makundi mawili, na hapa ndipo wengi hukosea.

Masta ya utafiti ina hesabu nyingi, takwimu nyingi, na mwisho wake ni tasnifu, yaani memwari, yenye takwimu ulizokusanya au kuzichambua mwenyewe. Ndiyo njia ya kwenda kwenye dokta, kufundisha chuo kikuu, au kufanya kazi katika vituo vya utafiti.

Masta ya kazi ina masomo ya uongozi, mipango, fedha na miradi, na mwisho wake mara nyingi ni mazoezi katika kampuni au shirika na ripoti. Inamfaa anayetaka kuongoza mradi, chama cha ushirika au idara ya maendeleo ya kanisa. Si masta ya chini. Lakini mwenye masta hiyo akitaka baadaye kuingia dokta, anaweza kuambiwa arudi kusoma hesabu na ekonometria kwanza.

Basi jiulize mapema: baada ya miaka 10 ninataka kuwa nani? Mwalimu wa chuo? Mchambuzi wa bei katika shirika? Kiongozi wa ushirika wa kahawa? Kila jibu lina mlango wake.

Kusoma hapa Kongo

Kwanza tazama karibu. Chuo Kikuu cha Kinshasa kina idara ya uchumi wa kilimo ndani ya kitivo cha agronomi. Taasisi ya IFA-Yangambi ni nyumba ya zamani ya elimu ya kilimo na ina uhusiano wa karibu na kituo cha Yangambi, ambacho kilikuwa moyo wa utafiti wa kilimo tangu wakati wa Wabelgiji. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha agronomi. Huko Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben nacho kina kitivo hicho.

Upande wa vyuo vya Kiprotestanti, Université Evangélique en Afrique ya Bukavu ina kitivo cha agronomi na mazingira pamoja na kitivo cha uchumi, jambo linalomsaidia mtu anayetaka kuunganisha elimu hizo mbili. ULPGL ya Goma na Université Protestante au Congo ya Kinshasa zina vitivo vya uchumi na uongozi.

Kwa wanaopenda misitu na ardhi, kuna ERAIFT mjini Kinshasa, shule ya baada ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO. Hupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika na hufundisha kwa Kifaransa. Si shule ya uchumi hasa, lakini iko karibu na tawi la mali asili.

Faida ya kusoma Kongo ni gharama, lugha, na ukaribu na maswali yenyewe. Karibu na Bukavu kuna kituo cha INERA huko Mulungu na kituo cha IITA huko Kalambo, ambako utafiti wa maharagi, mihogo na ndizi unafanyika. Mwanafunzi anayetafuta swali la memwari na msimamizi mzuri asipite mbali na milango hiyo. Ugumu ni kwamba walimu wenye dokta katika fani hii ni wachache, na wengi wao wana mizigo mingi. Kabla ya kujiandikisha masta, uliza maswali mawili: nani atanisimamia, na wanafunzi waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi? Masta ya miaka 2 inayochukua miaka 5 ni ghali kuliko inavyoonekana.

Nchi za jirani na Afrika

Kwa mtu wa Beni, Butembo au Bunia, Kampala ni karibu kuliko Kinshasa. Makerere ina masta ya uchumi wa kilimo na uchumi tumizi, na nyingine ya biashara ya kilimo. Huko Tanzania, Sokoine, iliyoko Morogoro, ni chuo kikuu cha kilimo hasa, chenye masta za uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo. Huko Kenya, Egerton iliyoko Njoro na Chuo Kikuu cha Nairobi zina sifa ya muda mrefu katika elimu hii. Rwanda ina kampasi ya kilimo huko Busogo, karibu na Musanze.

Jambo muhimu la kujua ni mpango wa pamoja wa masta uitwao CMAAE. Ulianza mwaka 2005 chini ya AERC, shirika la utafiti wa uchumi lenye makao yake Nairobi. Wazo lake ni kwamba chuo kimoja cha Afrika hakina walimu wa kutosha kwa matawi yote, basi vyuo viunganishe nguvu. Mwanafunzi husoma masomo ya msingi katika chuo chake, kwa mfano Makerere au Egerton. Kisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali hukutana kwa miezi michache katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kusoma masomo ya tawi walilochagua. Halafu kila mmoja hurudi kuandika tasnifu. Ukiandika kwa chuo cha jirani, uliza kama masta yao iko ndani ya mpango huo na kama mwaka huu kuna nafasi zenye bursa.

Vyuo hivyo hufundisha kwa Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia sokoni, bwenini na kanisani, lakini mtihani hautakuja kwa Kiswahili. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa atenge miezi sita hadi mwaka mmoja wa kujifunza Kiingereza kwa bidii kabla ya kuondoka.

Kuhusu ada, kumbuka kwamba Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Vyuo vingine vina ada moja kwa raia wa Jumuiya na nyingine kwa wageni wa mbali. Uliza kwa maandishi: "Mnawahesabu Wakongo upande gani?" Jibu linaweza kupunguza gharama sana.

Ulaya na Marekani

Ubelgiji ni mlango wa kwanza kwa wengi wetu. Gembloux, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Liège, hufundisha kwa Kifaransa. Ghent na Leuven zina masta za kimataifa kwa Kiingereza. Ile ya maendeleo ya vijijini ya Ghent hufanyika pamoja na vyuo vya nchi nyingine. Bursa za Ubelgiji hutolewa hasa na ARES kwa vyuo vya upande wa Kifaransa, na VLIR-UOS kwa upande wa Kiflemi; Kongo imo kati ya nchi zinazohusika. Ufaransa ina kituo kikubwa cha elimu hii mjini Montpellier.

Umoja wa Ulaya una mpango wa Erasmus Mundus, ambao mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi na aliyechaguliwa hulipiwa ada na maisha. Mmoja unaohusu fani yetu ni AFEPA, wa uchambuzi wa siasa ya kilimo, chakula na mazingira, unaounganisha vyuo vya Ubelgiji, Ujerumani, Uswidi na Italia. Ujerumani yenyewe ina Hohenheim, Göttingen na Bonn, na shirika la DAAD hutoa bursa. Uholanzi ina Wageningen.

Marekani mpangilio ni tofauti. Huko dokta huchukua kama miaka 5, na miwili ya kwanza ni masomo ya darasani yenye mitihani mikali. Lakini wanafunzi wengi wa dokta hawalipi ada. Chuo huwapa kazi ya kusaidia kufundisha au kutafiti, na mshahara mdogo wa kuishi. Masta, kinyume chake, mara nyingi hulipwa na mwanafunzi mwenyewe. Ndiyo maana mtu mwenye alama nzuri na hesabu nzuri anaweza kupata njia rahisi zaidi ya kifedha katika dokta kuliko katika masta, ingawa masomo ni magumu zaidi. Wisconsin-Madison, Minnesota, Cornell na Virginia Tech ni kati ya vyuo vyenye idara zinazojulikana.

Kwa asiyeweza kuondoka nyumbani kuna njia ya intaneti. Mwaka 2017 MIT, pamoja na kikundi cha utafiti cha J-PAL, ilianza masomo ya takwimu na uchumi wa maendeleo ambayo mtu yeyote anaweza kuyafuata bure. Anayetaka cheti hulipa kwa kila somo kulingana na mapato yake, na hufanya mtihani. Hata usipofika kwenye cheti, masomo hayo yatakuonyesha kama kweli unapenda elimu hii na kama hesabu zako zinatosha.

Nini kinahitajika

*Hesabu.* Hapa ndipo wengi kutoka agronomi huanguka. Masta ya utafiti inadai kalkulasi, aljebra ya matrisi na takwimu. Usingoje ukubaliwe ndipo uanze. Tafuta mwalimu wa hesabu wa sekondari, fanya mazoezi jioni mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja.

*Takwimu kwenye kompyuta.* Jifunze programu ya R, ambayo ni ya bure, au Stata, ambayo hulipiwa. Jifunze pia KoboToolbox, inayotumiwa sana na mashirika hapa Kivu kwa kukusanya majibu kwa simu.

*Lugha.* Kwa vyuo vya Kiingereza utadaiwa mtihani kama TOEFL au IELTS. Una gharama, kwa hiyo usiende bila kujiandaa.

*Barua za walimu.* Mwalimu aandike anachokijua juu yako: ulifanya nini, uliandika nini. Barua ya mchungaji juu ya tabia njema ni nzuri, lakini haichukui nafasi ya barua ya mwalimu aliyesimamia memwari yako.

*Swali.* Katika barua yako ya maombi usiandike tu kwamba unapenda kusaidia nchi yako. Kila mtu anaandika hivyo. Andika swali moja ulilolikuta: kwa nini wakulima wa viazi wa Lubero wanapata bei ndogo namna hii ukilinganisha na bei ya mjini? Ni gharama ya gari, vizuizi vya barabarani, au wanunuzi wachache? Mtu mwenye swali lake husomwa hadi mwisho.

Juu ya pesa, na juu ya wadanganyifu

Bursa ya kweli haiuzwi. Mtu akikuambia utume dola kadhaa kwa simu ili "kuhakikisha nafasi" yako, huyo ni mwizi, hata akitumia nembo ya chuo kikubwa, hata akianza kwa salamu za Kikristo. Soma masharti kwenye ukurasa wa chuo chenyewe au wa shirika lenyewe. Parokia inayotaka kumsaidia kijana inaweza kuweka mzee mmoja anayejua mambo hayo, asome barua zote kabla pesa haijatoka.

Andika bajeti nzima kabla ya kuanza: ada, nyumba, chakula, visa, bima, safari, kompyuta, na pesa ya kukusanya takwimu za memwari. Hiyo ya mwisho husahauliwa, na ndiyo inayowakwamisha wengi mwaka wa pili.

Baada ya masomo

Wenye elimu hii hufanya kazi katika vyuo, katika vituo vya utafiti, katika mashirika kama PAM na FAO yanayofuatilia bei za chakula, katika benki na vyama vya mikopo, katika makampuni ya kahawa na kakao, na katika wizara. Makanisa nayo yana mashamba, shule, hospitali na miradi ya kilimo, lakini ni mara chache utakuta ndani ya ofisi zao mtu aliyejifunza kupima kama mradi ulibadilisha maisha ya watu kweli au ulipita tu.

Hapa tuseme ukweli. Anayesoma nje huenda asirudi, na si mara zote kwa ubaya; vita na mishahara isiyolipwa huwazuia wengi. Wazee wanaomtuma kijana wazungumze naye jambo hilo waziwazi kabla ya safari, si kwa vitisho, bali kwa kupanga: atarudi kwenye kazi gani, katika chuo gani, na nani atamwekea nafasi? Memwari inayofanyika kwenye masoko ya nyumbani, hata kama chuo kiko mbali, hufunga kamba kati ya mwanafunzi na kijiji chake.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

1. Swali langu ni lipi, na ni tawi gani kati ya yale manne linalolijibu?
2. Ninataka kutafiti na kufundisha, au kuongoza kazi?
3. Hesabu yangu na lugha yangu ziko wapi leo?
4. Nani atanisimamia, na waliotangulia walimaliza lini?
5. Gharama yote ni kiasi gani, na nikikosa bursa mwaka wa pili nitafanyaje?
6. Nikimaliza, nani ananingoja?

Kijana asiyeweza kujibu swali la kwanza asikimbilie chuo. Akae msimu mmoja na wakulima, aandike bei kila wiki ya soko katika daftari: siku ya soko, kopo la maharagi, kilo ya mihogo, gharama ya kubeba mfuko hadi mjini. Msimu ukiisha atakuwa na takwimu zake za kwanza, na pengine pia jibu la kumpa mama yule: auze kiasi gani wakati wa mavuno, na aweke kiasi gani ghalani.